Shajara ya Mradi: Sura ya Meli ya Mvuke Great Britain kwa Chapa ya Lino

8 Februari 2025: Kuchagua mwaka

Mradi huu unakusudia kutoa chapa ya mchongo wa lino (picha inayochapwa kwa wino kutoka kipande kilichochongwa cha lino, zulia laini la sakafuni) inayoonyesha ubavu mzima wa Great Britain, meli ya abiria na mizigo iliyosanifiwa na mhandisi Isambard Kingdom Brunel kwa ajili ya Great Western Steamship Company ya Bristol, Uingereza, na kuelea kwa mara ya kwanza tarehe 19 Julai 1843. Urefu wake ulikuwa mita 98 hivi, na siku hiyo hapakuwa na meli nyingine duniani iliyoifikia kwa ukubwa. Mwili wake ulikuwa wa chuma, na kilichoisukuma kilikuwa rafadha, yaani panga linalozunguka majini, iliyozama nyuma, si magurudumu makubwa ya ubavuni yaliyozoeleka kwenye stima za wakati huo. Chuma kilikwisha kutumika katika vyombo vingine, na rafadha vilevile, lakini ni meli hii iliyoviunganisha viwili hivyo kwa mara ya kwanza katika safari za kuvuka bahari kuu.

Kabla ya kushika penseli ilibidi kuamua ni Great Britain ya mwaka gani, kwa sababu meli hii ilibadilishwa umbo mara nyingi. Ilipoondoka Liverpool kwenda New York tarehe 26 Julai 1845 ilikuwa na milingoti sita na dohani moja. Katika matengenezo yaliyofuata msimu ule wa kwanza mlingoti wa tatu uliondolewa. Mwezi Septemba 1846 ilipanda fungu katika ghuba ya Dundrum, Ireland, ikakaa hapo hadi mwaka uliofuata, na gharama za kuinasua zikaifilisi kampuni. Wamiliki wapya waliitoa karakana mwaka 1852 ikiwa na milingoti minne, dohani mbili zilizosimama bega kwa bega na nyumba ndefu juu ya sitaha, na baadaye ikawa na milingoti mitatu kwa safari za Australia. Mwaka 1882 ikageuzwa kuwa meli ya matanga matupu. Mtu akichukua mlingoti kutoka picha moja na sitaha kutoka picha nyingine, atachora meli ambayo haikuwahi kuwako baharini.

Nimechagua Julai 1845, siku za safari ya kwanza. Ndiyo hali ambayo Brunel mwenyewe aliikusudia, na ndiyo pekee inayoonyesha milingoti yote sita pamoja na jambo jingine linalonivuta zaidi, nalo ni utupu wa ubavu. Mtazamaji wa mwaka 1845 aliyezoea kuona gurudumu kubwa lenye kifuniko katikati ya kila stima, hapa aliona ukuta mweusi ulionyooka kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Rafadha yenyewe haionekani katika picha ya ubavuni kwa kuwa iko chini ya maji. Kwa hiyo uvumbuzi mkubwa wa meli hii utaonekana tu kwa kitu ambacho hakipo, na kazi yote ya chapa hii ni kuufanya ubavu huo mtupu uvute macho.

22 Februari 2025: Vyanzo, na mchoro wa kwanza uliotupwa

Chanzo cha kwanza ni picha ya kamera iliyopigwa na William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, mwaka 1844, meli ikiwa bado inakamilishwa vifaa Bristol. Hutajwa mara nyingi kuwa picha ya kamera ya zamani kuliko zote zinazojulikana za meli. Thamani yake ni kubwa kwa sababu mashine haisifii wala haipunji, lakini meli imeonekana kwa mshazari na baadhi ya sehemu zimezama katika kivuli, hivyo vipimo vya ubavu haviwezi kuchukuliwa humo moja kwa moja.

Chanzo cha pili ni meli yenyewe. Ilikokotwa kutoka visiwa vya Falkland mwaka 1970 na kurudishwa katika gati kavu lilelile la Bristol ilikoundwa, na leo imerejeshewa sura ya mwaka 1845. Kuizunguka, kwenye usawa wa maji, kumetandazwa vioo vyenye maji kidogo juu yake. Mpangilio huo umenifaa mno, kwa kuwa picha zilizopigwa kutoka ukingoni zinaonyesha bila ubishi ni sehemu gani ya mwili ilikuwa juu ya maji. Rafiki anayeishi mji huo alinipigia picha kadhaa kwa urefu wa macho yaleyale, akisogea hatua kwa hatua kando ya gati.

Mchoro wa kwanza ulitupwa. Mstari wa juu wa ubavu ulichukuliwa kutoka nakala ya picha ya mawe (iliyochapwa kutoka mchoro juu ya jiwe) ya karne ya 19 iliyoonekana safi na yenye vipimo vizuri, kumbe ilichorwa baada ya mwaka 1852, sitaha ikiwa tayari imeongezewa ile nyumba ndefu. Meli ilitoka nene, imekaa juu mno, kama ghala linaloelea. Sitaha ya mwaka 1845 ilikuwa karibu tupu, na ndiyo maana sura yake ya awali ni ndefu, ya chini na nyembamba. Dawa ilikuwa kurudi kwenye picha za Bristol, kupima uwiano wa kimo na urefu humo, na kuzitumia picha za zamani kwa mambo ya mapambo tu.

Kipimo kilichokubaliwa ni 1 kwa 250. Meli inapata urefu wa sentimita 39 na ushee, nao ubao unakuwa wa sentimita 45 kwa 30.

9 Machi 2025: Upepo, moshi na bendera

Hapa ndipo picha nyingi za meli za mvuke zinapokosea, na rasimu yangu ya pili ilikuwa mojawapo. Meli ilikuwa imetanda matanga yote yakiwa yamejaa upepo wa nyuma, huku moshi ukitiririka kuelekea tezi. Haiwezekani. Upepo wa nyuma ukiwa na kasi kuliko meli, utausukuma moshi mbele kuelekea omo, na bendera pia. Na ukiwa mdogo kuliko mwendo wa meli, matanga yatalegea. Katika safari ile ya kwanza Great Britain ilikwenda kwa wastani wa fundo (maili za baharini kwa saa) tisa hivi, na ilifika New York kwa siku 14 na saa 21, kwa hiyo upepo wa nyuma wa kujaza matanga ungepaswa kuzidi mwendo huo.

Nimeyafunga matanga yote. Meli inakwenda kwa mashine peke yake, na uamuzi huo unafaa maana ya chapa, kwa kuwa matanga yaliyojaa yangerudisha macho ya mtazamaji kwenye karne ya kabla ya mvuke. Likabaki tatizo la moshi. Dohani inasimama kati ya mlingoti wa pili na wa tatu, na moshi ukienda nyuma moja kwa moja unafunika vichwa vya milingoti minne, ambayo ndiyo sababu ya kuchagua mwaka 1845. Ilichukua michoro mingi midogo kupata jibu, nalo ni upepo unaotoka mbele lakini ukiegemea upande wa mtazamaji. Upepo huo unaupeleka moshi nyuma na wakati huohuo ng'ambo ya meli, hivyo milingoti inasimama mbele ya moshi. Bendera nyekundu ya meli za biashara, iliyoko tezi, nayo imechorwa ikiwa imejikunja kidogo kuelekea mbali nasi, ili upepo uwe mmoja katika picha nzima.

Omo inaelekea kulia kwenye karatasi, kwa hiyo kushoto kwenye ubao. Mchoro ulihamishwa kwa karatasi ya mafuta iliyogeuzwa.

23 Machi 2025: Vifaa

Gharama zinaandikwa kwa shilingi za Tanzania, zikiwa na usafirishaji ndani yake. Vipande viwili vya lino, 84,000. Wino mweusi wa mafuta, 68,000. Wino mweupe, 54,000. Na mafuta mazito ya kung'arisha wino yasiyo na rangi, 49,000. Patasi nyembamba yenye ncha ya umbo la V, 75,000. Karatasi nzito ya pamba, vipande kumi, 90,000. Kipande cha plaiwudi cha kutengenezea kitako chenye kona ya kupangia karatasi, 18,000. Patasi za mviringo, rola na mwiko wa mbao wa kusugulia vilikuwepo.

Lino inastahili neno moja. Frederick Walton wa Uingereza aliipatia hataza katika miaka ya mwanzo ya 1860, iwe zulia la sakafu, nayo hutengenezwa kwa mafuta ya kitani, unga wa koki (gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa) na vumbi la mbao juu ya kitambaa cha juti. Haikuwapo meli hii ilipoanza safari. Magazeti ya picha ya wakati huo, kama Illustrated London News lililoanza mwaka 1842, yalichonga kwenye mbao ngumu zilizokatwa kwa kutazamisha mwisho wa nyuzi juu, vipande vingi vikifungwa pamoja kupata ukurasa mmoja. Ubao wa namna hiyo unashika mstari mwembamba ambao lino haiushiki, na tofauti hiyo ndiyo iliyonisumbua katika hatua inayofuata.

12 Aprili 2025: Nyaya zilizobomoka

Milingoti ya Great Britain ya mwaka 1845 haikushikiliwa kwa kamba za katani zilizopakwa lami, ila kwa nyaya za chuma. Brunel alitaka kupunguza ukinzani wa upepo. Nyaya hizo hazikuridhisha, na katika matengenezo yaleyale yaliyoondoa mlingoti wa tatu zikabadilishwa kuwa kamba za kawaida. Kwa hiyo milingoti sita na nyaya nyembamba ni mambo yanayokwenda pamoja, na mchoraji anayetia milingoti sita kisha akaishikilia kwa kamba nene nyeusi anachanganya miaka miwili.

Sasa tazama hesabu. Hata waya wenye unene wa sentimita 5 ukichorwa kwa kipimo cha 1 kwa 250 unakuwa milimita 0.2. Kibao cha kwanza kilichongwa nyaya zikiwa mistari iliyoachwa juu, ili zichapwe nyeusi, kwa unene wa karibu nusu milimita. Zilisimama vizuri hadi patasi ilipofika mahali nyaya mbili zinapokutana chini ya kichwa cha mlingoti. Hapo pembe ya lino iling'oka kama makombo ya mkate. Palipobaki palibomoka baada ya rola kupita mara chache. Kibao hicho kikaachwa, na kipande kingine kikanunuliwa kwa 42,000.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni joto. Lino iliyolowa joto la mchana wa Dar es Salaam hukatika kwa wepesi unaodanganya, lakini kuta za mstari hulegea na kupinda mbele ya patasi, hivyo kazi nyembamba ifanywe alfajiri. Ya pili ni mwelekeo wa patasi. Nilipokata kwa kuiinamisha patasi ndani, mstari ulibaki mpana juu na mwembamba chini, bila kitako. Ukuta wa mstari unaoachwa juu ni lazima uteremke kwa mlalo kuelekea nje, uwe mpana kwenye shina lake.

Hata hivyo dawa halisi haikuwa kuchonga vizuri zaidi, ila kugeuza fikra. Katika chapa ya namna hii, mstari mwembamba mweusi unadai kuondoa kila kitu kinachouzunguka, wakati mstari mwembamba mweupe ni pito moja la patasi. Nyaya zimehamishwa kutoka kibao cheusi kwenda kibao cha pili, cha anga, kitakachochapwa kwa kijivu, na humo zimekatwa kama mikwaruzo myembamba inayoacha weupe wa karatasi. Chuma kipya mbele ya wingu la kijivu hung'aa, kwa hiyo si hila ya kukwepa ugumu tu. Mtazamaji anaona kwamba si katani.

Kila waya umeendelezwa milimita moja zaidi ndani ya eneo ambalo mlingoti mweusi utalifunika. Karatasi ikihama kidogo, ncha ya waya bado inafichwa chini ya mlingoti, na hakuna waya unaoonekana kuning'inia hewani. Mahali waya unapopita mbele ya moshi, ambao uko kwenye kibao cheusi, nimeukata mwembamba kwenye kibao cha anga na mpana kidogo kwenye kibao cheusi. Sehemu hizi chache, ambazo zote pamoja hazizidi ukubwa wa kiganja, zilichukua muda mrefu kuliko bahari yote ya chini.

3 Mei 2025: Ubavu

Bamba za chuma za mwili wa meli hii zilipandana kingo, moja juu ya nyingine, na kufungwa kwa ribiti (misumari minene inayopondwa ncha). Chapa ya kwanza ya majaribio ilionyesha kila kiungo cha bamba kwa mstari mweupe wa urefu wote, na matokeo yalikuwa mabaya: chuma kiligeuka mbao, na jicho likaona jahazi kubwa. Tofauti kati ya mbao na chuma kwa umbali huu haiko katika mistari ya viungo. Iko katika mng'ao. Mbao zilizopakwa lami hunywa mwanga, ilhali bamba zilizopakwa rangi huurudisha kwa vipande vifupi pale ubavu unapojikunja.

Mistari haikuweza kurudishwa, kwa kuwa kilichokatwa kimekatwa. Nilijaza mifereji mingi kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa lino uliosagwa kwa msasa, nikaacha ikauke siku kadhaa, kisha nikasugua hadi ikalingana na uso. Mchanganyiko huo unapokea wino vizuri mahali pembamba; kwenye mifereji mipana ulibonyea na ikabidi kurudia. Mistari iliyoachwa wazi ni vipande vifupi tu karibu na omo, ambako ubavu unabana kuelekea pua ya meli, na vichache chini ya tezi. Katikati, mahali ambapo gurudumu lingekuwa, hakuna hata mkwaruzo.

Juu ya weusi huo unapita mkanda mweupe wenye miraba myeusi, mfano wa matundu ya mizinga yaliyochorwa kwa rangi tu, maana hii ilikuwa meli ya biashara yenye nafasi ya abiria 360 na tani 1,200 za mizigo. Mkanda huo ndio ulioiokoa picha. Unakwenda bila kukatika kutoka mbele hadi nyuma, na jicho linapoufuata linagundua lenyewe kwamba hakuna kifuniko cha gurudumu kinachouzuia. Miraba ya kwanza ilichongwa yote sawa, lakini ubavu unapokunja kuelekea omo na tezi miraba inapaswa kusongamana, vinginevyo meli inaonekana imekatwa kwenye karatasi bapa. Ile ya mwisho kila upande imepunguzwa upana kwa ncha ya wembe.

25 Mei 2025: Masika na karatasi

Weusi mpana ni mtihani katika chapa ya mkono. Kwenye karatasi nzito ubavu ulitoka na vidoa vyeupe kama chumvi iliyonyunyizwa, kwa sababu mwiko haukuweza kukandamiza karatasi hiyo ndani ya kila kitundu cha lino. Ushauri wa kawaida ni kulowesha karatasi, nao ulifanya kazi: weusi ukawa mzito na sawa. Ila anga ilikwisha kuchapwa karatasi zikiwa kavu. Karatasi yenye unyevu hutanuka, na katika urefu wa sentimita 45 ilitanuka kiasi cha kuzidi ile milimita moja niliyoiacha kama akiba. Nyaya za mlingoti wa kwanza zilikaa mahali pake, za mlingoti wa sita zikatua katikati ya mawingu, mbali na mlingoti wao. Vipande vyote kumi vya karatasi nzito vikaharibika.

Suluhisho lilikuwa kuacha kulowesha. Nilinunua karatasi nyembamba yenye nyuzi ndefu, vipande thelathini kwa 135,000, ambayo hupokea wino kwa msuguo mdogo tu, na mtu anauona wino ukichungulia kupitia mgongo wa karatasi wakati anasugua, hivyo anajua mahali palipopungukiwa. Wino mweusi ulipakwa tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene.

Kijivu cha anga nacho kilibadilishwa. Mwanzo kilikuwa cheusi kilichochanganywa na cheupe kingi, kikawa kizito kama chokaa na kukataa kukauka katika unyevu wa mvua. Kijivu kizuri kimetokana na weusi kidogo sana ndani ya mafuta ya kung'arisha, pamoja na tone la cheupe. Karatasi inapumua chini yake, na nyaya zinaonekana zaidi. Katika masika, karatasi za anga zilining'inizwa zaidi ya wiki kabla ya kubeba weusi. Kuharakisha hapa kunavuta kijivu juu ya kibao cheusi na kuharibu vyote viwili.

21 Juni 2025: Chapa za mwisho

Kati ya karatasi thelathini zimekubalika 20. Zilizokataliwa nyingi zina mkunjo wa msuguo kwenye moshi. Bendera imepakwa nyekundu kwa brashi, chapa moja baada ya nyingine, jinsi picha nyingi za mawe za karne ile zilivyotiwa rangi kwa mkono. Chini yake kuna jina la meli na mwaka 1845 tu, kwa sababu mwaka ni sehemu ya sura yake.

Jumla ya matumizi ni shilingi 615,000, na kati ya hizo 132,000 ni lino na karatasi zilizoharibika. Anayetaka kuiga anaweza kuziepuka kwa kununua karatasi nyembamba tangu mwanzo na kutochonga waya wowote kama mstari mweusi.

Vibao vimesafishwa kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, vikalazwa bapa mbali na jua. Kibao cheusi kiko imara. Kibao cha anga kimeanza kupata ufa karibu na nyaya za mlingoti wa sita, pale mikwaruzo inapokaribiana mno, na kabla ya kuchapwa tena kitabandikwa juu ya plaiwudi.